Kulabu ya 214

Bafu la wachimba makaa, Bytom, mwezi wa pili.
Mgodi ulishafungwa, maji yalishakatwa,
mlangoni kimebaki kipande cha sabuni
kilichopasuka kama kisigino.
Tulilikodi siku tisa kwa bei ya gari bovu,
kwa sababu ya vigae tu:
piga kofi moja hapa, lazunguka ukumbi mzima,
likurudie limekwisha kuzeeka.

Darini, minyororo mia nne.
Kila mchimbaji alikuwa na wake.
Huvua nguo za nyumbani, huzitundika kwenye kulabu,
huvuta, zikapaa hadi kwenye joto la juu,
naye akateremka gizani.
Mnyororo ukipanda, mtu ameshuka.
Mnyororo ukishuka, mtu amepanda.

Mimi ni fundi wa sauti.
Nalipwa kusikia kisichotakiwa.
Siku ya kwanza Zyta aligusa uzi mnene wa besi,
minyororo yote ikamjibu,
meno ya mtu aliyeshikwa na baridi.
Basi tukapanda ngazi na matambara.
Tulifunga kwa soksi, kwa skafu,
kwa shati la Kajetan, mpiga dramu,
ambaye alirekodi na koti juu ya fulana.
Siku mbili zikaenda hivyo, na ngozi ya viganja.

Na bado, katika wimbo wa tatu,
pale magitaa yanapopanda kama maziwa jikoni,
polepole, polepole, mpaka ugeuze kichwa,
mmoja ukalia.
Mmoja tu.
Nilitafuta usiku kucha nimevaa spika masikioni.
Sikuupata.

Siku ya nne akaja Bi Gertruda,
aliyeshika funguo za bafu hili miaka thelathini na mmoja,
chupa ya chai kwapani.
Akakaa kwenye benchi, akasikiliza dakika kumi na saba
bila kukohoa.
Kisha: "Na mwimbaji anakuja saa ngapi?"
Dobromir akaweka gitaa chini, akamwambia
hatuna mwimbaji.
"Maskini. Alikufa?"
Tukacheka.
Yeye alikuwa anafungua chupa.

"Huo unaolia ni wa Ewald," akasema,
wala hakuinua macho.
"Mia mbili kumi na nne. Roda yake haikuonja mafuta.
Nikiusikia ukishuka, navaa koti,
tunarudi nyumbani pamoja.
Siku moja haukushuka.
Nguo zilikaa juu siku sita, watu wanaziangalia,
hakuna wa kugusa.
Nikazishusha mwenyewe."
Akanywa.
"Suruali ilikuwa ya moto."

Kufungua matambara kulichukua saa moja.
Shati la Kajetan halijaonekana hadi leo.
Maikrofoni yangu nzuri, ile ya mkopo,
niliitoa mbele ya magitaa
nikaisimamisha chini ya 214,
na wimbo wa tatu tukaurudia tangu mwanzo.
Zyta alipiga kidogo kuliko kawaida.
Katikati waliacha, wote watatu, kama tulivyokubaliana:
vipigo kumi na sita vya kutopiga kitu.
Waliosema kimya kingi kina mshindo hawakuwa na vipimo.
Mimi ninavyo.
Sindano haikufika sifuri.

Albamu ikatoka vuli ile, santuri mia tatu,
jalada la kijivu, nyimbo zina namba badala ya majina.
Moja ikarudi kutoka Gdynia na barua ya adabu:
upande wa pili una kasoro, dakika ya kumi na moja,
kitu kinakwaruza.
Tulimrudishia fedha zake, na nauli ya posta.

Santuri hiyo nilimpelekea Bi Gertruda.
Hana mashine ya kuichezea.
Aliigeuza huku na huku, akauliza
kama ile tundu ya katikati ni ya kutundikia.
Nikasema ndiyo.
Akaupima msumari kwa kidole kwanza,
kama utashika.